Milisekunde 34: kisa cha kwaya iliyolaumiwa kwa kosa la mtandao wa sauti

Kwa muda wa miezi miwili kwaya kuu ya kanisa moja jijini Dar es Salaam ililaumiwa kwa kosa ambalo haikulifanya. Waumini walisema inaimba kwa kujivuta. Mpiga kinanda alisema waimbaji hawamfuati. Waimbaji wenyewe, hasa akina mama wa sauti ya pili waliosimama karibu na monita (spika zinazowarudishia waimbaji sauti zao) za upande wa kushoto, walisema kila wakifungua mdomo sauti zao huwarudia kama zinazotoka chumba cha pili. Mwalimu wa kwaya aliongeza mazoezi kutoka siku mbili kwa wiki hadi siku nne, na hakuna kilichobadilika. Ugonjwa haukuwa kooni mwa mtu. Ulikuwa katika namba moja ndani ya menyu ya mtandao wa sauti, katika njia ya sauti ambayo hakuna aliyewahi kuichora kwenye karatasi, na katika waya mmoja wa kahawia ambao haukufika mwisho wa kichwa cha kebo.

Naandika kisa hiki kwa ukamilifu kwa sababu mafundi wengi wa sauti tumehamia mifumo ya mtandao tukiwa bado na mazoea ya waya za analojia, na pia kwa sababu sehemu ya kosa ni yangu. Fundi wa kanisa hilo aliponipigia simu kunieleza kwamba sauti inakwaruza na kukatika kila Jumapili ibada ikiendelea, nilimshauri aongeze ucheleweshaji wa mtandao kutoka milisekunde 1, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, hadi milisekunde 5 kwenye vifaa vyote. Alifanya hivyo siku hiyohiyo, mikwaruzo ikapungua, akanishukuru, nami nikaendelea na shughuli zangu. Sikumwuliza sauti inatoka wapi, inapita wapi na inarudi wapi. Lawama dhidi ya kwaya zilianza Jumapili iliyofuata, na hakuna mtu aliyeyaunganisha mambo hayo mawili mpaka nilipofika mwenyewe.

Mfumo wa ukumbi ule si mgumu kuueleza. Jukwaani kuna sanduku la kupokelea maikrofoni lenye njia 32 za kuingilia na njia 8 za kutokea, ambazo hulisha monita. Nyuma ya ukumbi, mezani pa fundi, kuna mikisa ya kidijitali, yaani mtambo wa kuchanganyia sauti. Katika chumba kidogo pembeni mwa madhabahu kuna kabati lenye prosesa ya sauti na amplifaya za spika zote: spika kuu zilizo mbele, na spika za kati zilizotundikwa mita 22 kutoka zile kuu, kwa ajili ya wanaokaa nyuma. Vifaa hivyo vitatu, yaani sanduku, mikisa na prosesa, vinazungumza kwa itifaki ya Dante, iliyobuniwa na kampuni ya Audinate ya Sydney, Australia, na vyote vilikuwa vimeunganishwa kwenye swichi moja ya mtandao, yaani kifaa kinachogawa mawasiliano kati ya kebo. Kasi ya sampuli, yaani idadi ya vipimo vya sauti, ilikuwa 48,000 kwa sekunde, kina cha biti 24. Hapo hapakuwa na dosari yoyote, na nilihakikisha hivyo kwanza, kwa kuwa kifaa kimoja kikiachwa kwenye 44,100 vingine havitakubali kuunganishwa nacho, na fundi anaweza kupoteza nusu siku akitafuta kebo mbovu isiyokuwapo.

Kabla ya kuendelea ni lazima nieleze namba ile ya ucheleweshaji inafanya nini hasa, maana nimegundua kwamba mafundi wengi huichukulia kama kitufe cha ubora, wengine kama kitufe cha sauti ya juu na chini. Katika mtandao wa aina hii vifaa vyote hufuata saa moja. Kifaa kimoja huchaguliwa kuwa kiongozi wa saa, na vingine hujirekebisha kumfuata kwa itifaki ya PTP, inayotokana na kiwango cha IEEE 1588. Kila pakiti ya sauti, yaani kifurushi kidogo cha data, huondoka ikiwa na muhuri wa wakati. Mpokeaji akiipata haichezi papo hapo. Huiweka kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda mfupi, hadi muda uliokubaliwa utimie tangu wakati wa muhuri, kisha ndipo huitoa. Muda huo ndio ucheleweshaji. Pakiti ikifika kabla ya muda kutimia, hata ikiwa imekawia njiani, msikilizaji hatajua. Ikifika baada ya muda kutimia huwa haina kazi tena. Hutupwa, na mahali pake hubaki pengo ambalo sikio husikia kama mkwaruzo au kishindo kidogo.

Kwa hiyo namba ile ni ahadi ya kusubiri. Ukiweka milisekunde 5 unawaambia wapokeaji wote wasubiri milisekunde 5 kwa kila pakiti, iliyowahi na iliyochelewa. Huuharakishi mtandao, wala huuponyi. Unawapa walegevu muda wa kufika, na gharama yake inalipwa na sauti yote. Dante huja ikiwa imewekwa milisekunde 1, na kwa mtandao mzuri wa gigabiti (megabiti 1,000 kwa sekunde) kiwango hicho kinatosha hata sauti ikipita swichi 10 mfululizo. Hapa palikuwa na swichi moja. Kama milisekunde 1 haikutosha kwenye swichi moja, basi swali la kuuliza lilikuwa ni kitu gani kinazuia pakiti, na hilo ndilo swali nililolikimbia kwenye simu.

Jambo la pili ambalo ni rahisi kulisahau ni kwamba ahadi hiyo hulipwa kila sauti inapopokelewa na kifaa kingine. Haiwekwi mara moja kwa mfumo mzima. Sauti ikitoka sanduku kwenda mikisa, inalipa. Ikitoka mikisa kwenda prosesa, inalipa tena. Na hapa ndipo kisa kilipokuwa na siri yake.

Nilifika Jumamosi asubuhi. Mwalimu wa kwaya, mama wa makamo ambaye amefundisha kwaya hiyo kwa miaka mingi, alikuwa amewahi kabla yangu. Baada ya salamu aliniambia neno ambalo lilinisaidia kuliko maelezo yote ya simu: "Fundi, wakati umeme ulipokatika tukaimba bila mitambo, walikwenda sawa. Mitambo iliporudi, wakaanza kuvuta." Nilimwomba waimbaji wawili tu, mmoja asimame kwenye maikrofoni ya sauti ya pili na mwingine asikilize akiwa mbele ya monita. Yule wa kwanza aliimba ubeti mmoja, akasimama katikati, akavua miwani na kusema hawezi kuendelea, kwa maana anajisikia mara mbili. Sikuhitaji ushahidi zaidi kwamba tatizo lipo, lakini nilihitaji kipimo chake.

Nilichukua vipande viwili vya mti mkavu kutoka kwenye sanduku la ala za watoto wa shule ya Jumapili. Kwenye kompyuta yangu ya mkononi niliunganisha kifaa cha kurekodi chenye njia mbili: njia ya kwanza ikapokea maikrofoni ndogo niliyoifunga kwa utepe bega kwa bega na maikrofoni ya kwaya, njia ya pili ikapokea waya uliotoka moja kwa moja kwenye tundu la monita la sanduku la jukwaani. Nikagonga vipande vile mara tano, kwa mwachano wa sekunde chache. Kwenye skrini kila pigo lilionekana kama mnara mwembamba uliosimama ghafla, na chini yake, kwenye njia ya pili, mnara mwingine ulisimama pembeni kidogo upande wa kulia. Nilihesabu sampuli kati ya mnara na mnara. Zilikuwa 1,632. Ukigawa kwa 48 unapata milisekunde 34 kamili, na mapigo yote matano yalitoa jibu hilohilo.

Kwa mtu asiyezoea vipimo hivi, milisekunde 34 ni kitu kidogo kuliko kufumba na kufumbua jicho. Lakini katika joto la nyuzi 30, ambalo ndilo lililokuwamo ukumbini siku ile, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Katika milisekunde 34 inakwenda karibu mita 12. Monita yenyewe ilikuwa mita moja na nusu kutoka kwa mwimbaji, kwa hiyo ziongeze milisekunde 4 nyingine. Yule mama wa sauti ya pili alikuwa akiimba huku anajisikiliza kama mtu aliyesimama umbali wa zaidi ya mita 13 kutoka kwake mwenyewe, na wakati huohuo sauti yake halisi ilikuwa imeshamfikia kwa njia ya mifupa ya kichwa bila kuchelewa hata chembe. Hakuna mazoezi ya siku nne yanayoweza kumsaidia mtu aliye katika hali hiyo.

Sasa, milisekunde 34 zilitoka wapi, ikiwa mtandao uliwekwa milisekunde 5? Fundi wa kanisa aliniambia njia ya monita ni fupi: sanduku, mikisa, sanduku. Hiyo ingekuwa milisekunde 10 za mtandao na nyingine chache za ndani ya vifaa. Tuliketi wote wawili sakafuni na karatasi ya bahasha, tukaanza kufuata njia moja baada ya nyingine kwenye jedwali la Dante Controller, programu ya kompyuta ya kusimamia njia za Dante, yeye akisoma majina, mimi nikichora mishale. Mshale wa nne ndio uliotufichulia. Kundi la maikrofoni za kwaya, baada ya kufika kwenye mikisa, lilipelekwa kwenye prosesa, likarudi kwenye mikisa, kisha ndipo lilipokwenda monita. Aliyefunga mfumo mwanzoni alikuwa na sababu nzuri: alitaka kwaya ipite kwenye kinga ya mluzi (ule mlio unaotokea maikrofoni inapopokea tena sauti yake kutoka kwenye spika) iliyomo ndani ya prosesa, na akaweka hapo pia chujio la aina ya FIR lenye hatua 1,024 ili kusawazisha sauti bila kuharibu awamu. Kwa spika kuu hilo ni jambo jema. Kwa monita lilikuwa balaa.

Chujio la namna hiyo, likiwa la awamu sawia, haliwezi kufanya kazi bila kungoja nusu ya urefu wake. Hatua 512 kwa kasi ya sampuli 48,000 ni milisekunde 10.7. Hesabu ikawa wazi. Sauti ya mwimbaji ilipokelewa mtandaoni mara nne: na mikisa, na prosesa, na mikisa tena, na mwisho na sanduku. Mara nne kwa milisekunde 5 ni 20. Ongeza 10.7 za chujio, kisha milisekunde 3 na kidogo za kubadili analojia kuwa dijitali na kurudi, pamoja na kazi za ndani za mikisa na prosesa, nawe umefika 34. Kabla ya ushauri wangu wa simu njia hiyohiyo ilikuwa ikichukua milisekunde 18. Ilikuwa mbaya, lakini waimbaji walikuwa wameizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana. Ni mimi niliyeisukuma hadi pale ambapo haikuvumilika tena.

Katika hatua hii mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa akitusikiliza kwa makini, aliuliza swali ambalo linastahili jibu refu kidogo. Ikiwa sauti inachelewa hivyo, mbona waumini hawakusikia kitu? Mbona mahubiri yanasikika safi? Ukweli ni kwamba ucheleweshaji peke yake hausikiki. Unasikika pale tu ambapo msikilizaji ana nakala nyingine ya sauti ileile ya kulinganisha nayo. Muumini aliyeketi safu ya kumi na tano anapokea sauti ya mhubiri kutoka kwenye spika tu, na spika kuu pamoja na spika za kati zote hulishwa na prosesa ileile, kwa hiyo zote zilichelewa kwa kiasi kimoja. Uhusiano baina yake haukuguswa. Mwimbaji ana nakala mbili, moja kichwani mwake na nyingine kwenye monita, na mpiga kinanda naye ana vidole vyake mwenyewe vya kulinganisha na kile anachosikia kutoka kwa kwaya. Ndiyo maana watu mia kadhaa ukumbini walikuwa wakweli waliposema mitambo ni mizima, na watu thelathini jukwaani walikuwa wakweli pia waliposema ni mibovu. Inaniuma kwamba wale wachache hawakuaminiwa kwa sababu tu wale wengi walikuwa wakisikia vizuri.

Kuhusu zile spika za kati, nilizikagua kwa sababu nilikuwa hapo tayari. Zilikuwa zimewekewa dilei ya milisekunde 74. Mita 22 kwa mwendo wa 343 kwa sekunde, ambao ndio hutajwa vitabuni kwa nyuzi 20, zinahitaji milisekunde 64. Kwa joto la Dar es Salaam zinahitaji 63. Tofauti hiyo ya milisekunde moja haina madhara hapa, kwani milisekunde 10 za ziada ziliwekwa kwa makusudi, kwa msingi ulioelezwa na Helmut Haas katika tasnifu yake ya mwaka 1949: sikio hupeleka chanzo cha sauti kule ilikotangulia kutoka, hata nakala inayofuata muda mfupi baadaye ikiwa na nguvu zaidi. Hivyo anayeketi nyuma anaona kama mhubiri anasema kutoka mbele, si kutoka darini. Sikuigusa.

Suala la kujivuta nalo lina maelezo yake. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Chris Chafe na wenzake waliwahi kuwaweka watu wawili wawili katika vyumba tofauti, wakawaomba wapige makofi kwa mdundo wa pamoja huku kila mmoja akimsikia mwenzake kwa kuchelewa. Ucheleweshaji ulipoongezeka mdundo ulipungua kasi, na ulipokuwa mdogo sana mdundo ulielekea kukimbia. Mpiga kinanda wetu alikuwa katika hali hiyohiyo. Aliwasikia waimbaji wakiwa nyuma, akawasubiri. Wao wakamfuata kinanda kilichopunguza mwendo, na sauti yao ikamfikia ikiwa nyuma zaidi. Kila upande ulikuwa ukifanya adabu ya muziki ya kumngoja mwenzake, na kila upande ukamwona mwenzake ndiye mzito.

Ningeweza kuishia kwenye kurekebisha njia ya monita, lakini mikwaruzo ya awali bado ilikuwa na deni. Nisingeweza kurudisha milisekunde 1 bila kujua ni nini kilichoikwamisha. Kamera zikiwa zimezimwa, mtandao ulikuwa kimya kabisa: kwa nusu saa Dante Controller haikuonyesha hata pakiti moja iliyochelewa. Fundi akakumbuka kwamba mikwaruzo huanza karibu saa tatu asubuhi, wakati matangazo ya moja kwa moja yanapowashwa. Tukawasha kamera mbili. Hazikupita dakika kumi kabla ya pakiti zilizochelewa kuanza kuhesabiwa, na zote zilikuwa za mpokeaji mmoja tu, sanduku la jukwaani. Mikisa na prosesa hazikuwa na hata moja.

Kamera zile zilikuwa zimeunganishwa kwenye swichi ileile ya sauti na kuwekwa kutuma picha kwa njia ya multikasti, yaani kwa wapokeaji wengi kwa pamoja, kila moja takriban megabiti 40 kwa sekunde. Swichi isiyoelekezwa vinginevyo huyamwaga matangazo ya namna hiyo kwenye kila tundu, liwe linayahitaji au haliyahitaji. Kwa tundu la gigabiti, megabiti 80 ni kama bajaji moja kwenye barabara ya njia nane. Mikisa na prosesa zilizibeba bila taabu. Kwa nini sanduku lilishindwa? Niliinama nyuma ya kabati na tochi. Taa za matundu yote ziliwaka kijani, isipokuwa moja iliyowaka rangi ya chungwa. Lilikuwa tundu la sanduku la jukwaani, na rangi hiyo kwenye swichi ile ina maana ya megabiti 100. Jumlisha megabiti 80 za picha na takriban 12 za njia nane za monita, unapata 92 kwenye barabara ya 100. Vipande vya picha za kamera mbili vikigongana, pakiti ya sauti inakaa foleni. Kwa ahadi ya milisekunde 1 inakosa zamu yake. Kwa ahadi ya milisekunde 5 nyingi zinawahi, chache zinakosa. Ushauri wangu "ulifanya kazi" kwa maana hiyo tu.

Sababu ya megabiti 100 ilikuwa ndogo kiasi cha kusikitisha. Mawasiliano ya megabiti 100 hutumia jozi mbili za waya, yaani nafasi ya 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inahitaji jozi zote nne. Nilikata kichwa cha kebo upande wa jukwaani, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha, na kupitia plastiki yake angavu nikaona waya saba zimegusa ukingo wa mbele na wa nane, ule wa kahawia, umeishia nyuma kidogo, karibu upana wa kucha. Kebo haikuwa imekufa, na ndiyo maana hakuna aliyeishuku. Ilikuwa imeshusha hadhi yake kimyakimya na kuendelea kufanya kazi. Nilifunga kichwa kipya, nikakichomeka, na taa ikageuka kijani.

Tuliacha kamera zikiwaka kwa saa nzima. Pakiti zilizochelewa hazikuongezeka. Hata hivyo sikutaka usalama wa ibada utegemee kichwa kimoja cha kebo, kwa hiyo tulifanya mengine ndani ya swichi. Kamera tulizihamishia kwenye mtandao pepe wa kwao, zisiweze tena kumwaga chochote kwenye matundu ya sauti. Tulizima mpango wa kuokoa umeme wa Ethaneti, ule wa kiwango cha IEEE 802.3az, ambao hulaza kiungo pasipokuwa na mawasiliano kisha kukiamsha. Kuamka huko kunavuruga usahihi wa saa, na kila swichi ya mtandao wa sauti inapaswa kuzimiwa mpango huo tangu siku ya kwanza. Tuliwasha vipaumbele vya pakiti: alama ya DSCP 56 kwa pakiti za saa, zipite kabla ya kitu chochote, na 46 kwa pakiti za sauti, zifuate. Mwisho tuliipendekeza prosesa kuwa kiongozi wa saa, kwa sababu ipo chumba kimoja na swichi na haizimwi na mtu, tofauti na sanduku la jukwaani ambalo vijana wa ala hulichomoa kila wanapohitaji tundu la umeme.

Baada ya hapo ndipo niliporudisha ucheleweshaji kwenye milisekunde 1 kwa vifaa vyote vitatu. Histogramu ya kila kifaa, yaani mchoro wa muda ambao pakiti zilichukua njiani, ilionyesha pakiti zikifika zote zikiwa zimekusanyika mwanzoni kabisa, mbali na mstari wa mwisho. Fundi aliniuliza kama hatuwezi kushuka hadi 0.25, maana mtandao unaruhusu. Tungeweza. Nilikataa, na nadhani nilikuwa na haki. Kwenye njia ya monita tungeokoa milisekunde moja na nusu, ambayo ni sawa na kumsogezea mwimbaji monita kwa nusu mita, na badala yake tungebaki na nafasi ndogo zaidi siku ambayo mtu ataongeza swichi ya pili kwa ajili ya ukumbi wa watoto. Ukitaka kuokoa milisekunde, zitafute kwenye njia na kwenye machujio kabla ya kuzitafuta kwenye bafa.

Ndipo tukavunja ule mzunguko. Monita za kwaya sasa zinatoka kwenye mikisa moja kwa moja, na kusawazishwa kwa kisawazishi cha kawaida cha mikisa ambacho hakiongezi ucheleweshaji wa maana. Chujio la FIR limebaki kwenye njia ya spika kuu, ambako milisekunde 10.7 zake hazimdhuru mtu. Kinga ya mluzi nayo imebaki huko. Kompyuta ya matangazo, inayopokea sauti kwa programu yenye ucheleweshaji wa milisekunde 10, tuliiacha ilivyo, kwa sababu picha za kamera huchelewa zaidi ya hapo na sauti hulazimika kuzingoja kwa vyovyote.

Nikagonga tena vile vipande vya mti. Safari hii minara miwili ilikaribiana kiasi kwamba ilinibidi nikuze picha ndipo niitenganishe: sampuli 197, yaani milisekunde 4.1.

Jioni kwaya ilikuja kwenye mazoezi. Hatukuwaambia waimbaji kilichobadilishwa. Mpiga kinanda aliweka mapigo 92 kwa dakika, akazima kipima mdundo, wakaimba wimbo wa beti nne waliokuwa wameurekodi wiki iliyotangulia. Kwenye rekodi ya zamani ubeti wa nne ulikuwa umeshuka hadi mapigo 86. Jioni ile uliishia 91. Yule mama wa sauti ya pili aliimba hadi mwisho bila kusimama, kisha akageuka kuangalia monita kama anayehakikisha kwamba imewashwa. Mwalimu wa kwaya alifunga daftari lake na kutangaza kwamba mazoezi ya Jumanne na Alhamisi yamefutwa.

Deni moja limebaki. Kwa kuwa kwaya haipiti tena kwenye kinga ya mluzi kabla ya monita, maikrofoni ya kushoto kabisa huanza kuimba yenyewe ikipandishwa zaidi ya kiasi fulani. Kwa sasa tumeisogeza monita ili mgongo wa maikrofoni uielekee, na fundi amepunguza masafa yanayosumbua kwenye kisawazishi. Ile bahasha yenye mishale tumeinakili vizuri kwenye karatasi nzima na kuibandika ndani ya mlango wa kabati, ikiwa na tarehe, ucheleweshaji wa kila mpokeaji, urefu wa chujio, na mstari mtupu chini kwa ajili ya jina la mtu atakayebadilisha chochote.